Udongo Mweupe Chini ya Madaftari

Nyuma ya Maganzo, ukiacha lami na vibanda vya mabroka wa almasi, kuna mahali watu wa pale wanapaita Jangwani. Si jangwa la kwenye kitabu cha Jiografia, hakuna ngamia. Ni ardhi iliyochimbwa na kuchekechwa miaka mingi, ikageuzwa juu chini mpaka nyasi zikakata tamaa. Kuna vilima vya changarawe, halafu uwanda mtupu wa kijivu, halafu migunga michache ambayo mbuzi wameitafuna hadi pale shingo zao zinapofika. Kiangazi upepo ukivuma, vumbi linasimama wima kama mtu anayesubiri kuitwa. Wachimbaji walishaondoka, waliamini pamekwisha. Mimi ndiko ninakokwenda kutafuta rangi.

Nachora kwa udongo. Hili siwezi kulisema kwa mdomo, kwenye karatasi naweza. Niko kidato cha tatu, na mtu akiniuliza napenda nini nasema Baiolojia. Lakini nyumbani kwetu Kambarage, nyuma ya choo, kuna makopo yangu. Wekundu nautoa kwenye kichuguu cha njia ya mtoni, weusi mbugani, na wa njano iliyofifia niliupata jirani yetu alipochimba msingi wa nyumba. Naponda, nachuja kwa kipande cha pazia kuukuu, nachanganya na utomvu wa mgunga uliolowekwa ili rangi ishike isipukutike. Brashi naitengeneza mwenyewe kwa kutafuna ncha ya kijiti cha mswaki. Bibi mzaa baba alikuwa akipaka kuta za nyumba yake hivyo hivyo kila baada ya mavuno, maduara na mistari, na hakuna aliyewahi kumwita msanii. Wala yeye hakuwahi kuona haya. Haya hizi sijui nimezirithi kwa nani.

Nyeupe ndiyo ilinisumbua. Majivu yakikauka yanakuwa kijivu. Chokaa ya dukani haipatani na utomvu, inapasuka. Nyeupe ya kweli, ile inayotulia ukutani kama maziwa mgando, niliipata Jangwani tu, chini ya changarawe, ukizamisha mkono mpaka kiwiko.

Aliyenipeleka mara ya kwanza ni shangazi. Anaishi Maganzo, anauza chai na maandazi kando ya barabara. Yeye na mimi ni mbingu na ardhi. Mimi wakija wageni nasahau hata jina langu, yeye anaweza kusalimiana na lori linalopita na likamjibu. Jumamosi nilikuwa naenda kwake asubuhi, anamaliza kuuza, tunafunga safari kwa miguu. Yeye anakaa chini ya mgunga na chupa yake ya chai, anapiga simu mpaka salio linaisha, kisha anajifunika kanga na kulala. Mimi nachimba. Hizo ndizo zilikuwa safari zangu za sanaa, na kusema kweli zilikuwa saa nilizozipenda kuliko zote, kwa sababu hapakuwa na mtu.

Mwaka huu katekista wa kigango chetu aliona karatasi zangu kwa mama, sijui mama alimwonyesha kwa nini, akaniomba nipake ukuta wa chumba cha mafundisho. Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara. Picha aliyoitaka ni ya Yesu na watoto. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Nikachora watoto kwanza, weusi wa mbugani na wekundu wa kichuguu, nikawachora na ndama wawili na kibuyu. Yesu nikampa uso, mikono na miguu. Kanzu nikaiacha. Nilitaka iwe nyeupe ile.

Basi kwa wiki kadhaa Yesu akakaa pale ukutani, kichwa juu, miguu chini, katikati saruji tupu. Watoto wa mafundisho walikuwa wanacheka mpaka wanakaripiwa. Katekista naye, mzee mpole sana, alikuja siku moja akasimama, akakuna kidevu.

"Binti, Bwana wetu atampokea Askofu hajavaa?"

"Namtafutia nguo, baba," nikasema. Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

Sasa nieleze kwa nini sikubeba tu ndoo, nikachimba, nikarudi nayo. Ni kwa sababu ya jambo lililotokea shuleni, na ningependa kuliruka, ila bila hilo mengine hayaeleweki.

Nilikuwa nimebeba sampuli ya udongo mweupe kwenye begi. Nilipokuwa natoa daftari, kipande kikaanguka sakafuni. Msichana anayekaa nyuma yangu akakiokota, akakinusa, akakiinua juu darasa zima likaona.

"Jamani! Huyu anakula udongo!"

Huku kwetu udongo kama ule unauzwa sokoni kwa vifungu, na wanaoununua kwa wingi ni wanawake wajawazito. Mtu akikuta udongo kwenye begi la mwanafunzi hahitaji maelezo.

"Mama Kijacho, tuonjeshe basi!"

"Msimsumbue, ana kichefuchefu!"

Mpaka saa ya uji habari ilikuwa imefika kwa matroni. Nikaitwa, nikapelekwa kupimwa, na mama akaitwa pia. Mama alifika na kitenge cha kwendea kanisani, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi mikono imepakatwa, akisubiri kuambiwa kama mwanawe ana mimba. Kipimo kikasema sina. Matroni akaniangalia. "Haya, huna kitu. Lakini udongo wa nini?"

Ningemwambia nachora. Lakini nilijiona nikiletewa karatasi, nikisimamishwa mbele ya paredi, nikiambiwa chora tuone. Nikanyamaza. Mama naye hakunisemea, nadhani alitaka niseme mwenyewe. Njiani alinunua nyanya na sabuni kama siku zote, hakunigombeza hata kidogo, na mimi nilitembea nyuma yake nikitamani anigombeze.

Tangu hapo nikawa nauficha. Jangwani sikwenda tena na ndoo, nilikwenda na begi la shule. Udongo nilikuwa naufunga kwenye kitambaa, naweka chini, juu napanga madaftari. Nikimaliza nafukia shimo, natandaza changarawe, navuta tawi la mwiba juu yake. Kabla sijachimba nilikuwa nageuka kuangalia huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Shangazi aliniona, akacheka. "Wewe unaiba udongo wa nani?"

Jumamosi moja shangazi amelala chini ya kanga yake, nikasikia mlio wa baiskeli. Alikuwa mchimbaji mrefu, amevaa kofia ya sufu katika jua lile, beleshi limefungwa kwenye fremu kwa mpira. Nilikuwa nimeinama, mkono umezama shimoni. Nikauchomoa haraka. Begi lilikuwa wazi, nikalifunga. Halafu, sijui kwa nini, nikalikalia.

"Mwadila, dada," akanisalimia. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli.

"Mwadila."

"Unachimba nini?"

"Hamna."

"Hamna ndiyo unaikalia?"

Nikatazama chini. Mguu wangu, wenyewe tu, ukaanza kusukuma changarawe kurudisha shimoni. Akauangalia mguu. Akaliangalia begi. Kisha akasema taratibu, "Haya, Mungu akuzidishie," akapanda baiskeli akaondoka. Alikuwa anageuka nyuma kila baada ya kitambo.

Nilifurahi. Nilidhani nimefaulu.

Udongo wa safari za nyuma nilikuwa nimeumaliza kwa majaribio, na wa siku ile, ambao haukufika hata robo ya begi, uliishia kwenye mkono mmoja wa kanzu. Ukuta wa saruji ulikuwa unaunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Nilihitaji begi zima lililojaa, na ziara ya Askofu ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, kwa hiyo Jumamosi nikaamka mapema nikaenda Maganzo.

Kibanda cha shangazi kilikuwa kimefungwa. Fundi viatu wa jirani akaniambia, "Shangazi yako? Yuko Jangwani. Biashara yote imehamia huko."

Sikumwelewa mpaka nilipopita kilima cha mwisho. Ule uwanda wangu mtupu ulikuwa umejaa watu. Maturubai yamefungwa kwenye migunga, machepeo na sururu zinapanda na kushuka, vijana wako vifua wazi ndani ya mashimo, wanawake wanachekecha, mtu anauza maji, mwingine anauza vocha, redio inaimba. Rashi, ndivyo wachimbaji wanavyoita watu wakimiminika hivyo mahali palipotoka jiwe, yaani almasi. Na shangazi yangu yuko katikati na karai la mafuta ya moto, anageuza maandazi, uso unameta.

"Mwanangu! Njoo unisaidie, watu wananimaliza! Tangu Jumatano sijakaa chini."

"Shangazi, wanachimba nini?"

"Hujasikia? Kuna binti wa shule ametoa jiwe hapa. Kubwa! Akalificha kwenye begi, chini ya madaftari. Kuna wanaosema alilimeza."

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Huyo binti. Ni mimi."

Akaacha kugeuza. Andazi likaanza kuungua. Akanivuta karibu, akashusha sauti, jambo ambalo sikumbuki kuliona kabla ya hapo. "Umetoa jiwe, mtoto wa kaka yangu, na mimi nimelala hapo hapo, hukuniamsha?"

Hata yeye! Yeye aliyeniona nikibeba udongo tangu mwanzo. Kabla sijapata la kusema, nikasikia, "Huyo! Huyo hapo mwenye begi!"

Alikuwa yule wa kofia ya sufu. Ametoka shimoni, mweupe mwili mzima mpaka kope. Watu wakaacha kazi wakaja, na kwa namna walivyokuja sikupata pa kukimbilia. Broka mmoja mwenye simu mbili mkononi akapenya mbele, akawa mpole sana.

"Binti, usiogope. Tuambie tu ulimuuzia nani. Maana mtoto wa shule lazima umepunjwa."

"Sijauza."

"Kumbe unalo!"

"Mwacheni mtoto wa watu!" shangazi akafoka. "Huyu anachukua udongo tu. Udongo! Anachora nao."

"Mayu, usitufanye watoto," akasema mwanamke mmoja mwenye chekeche, akimwita shangazi mama kwa Kisukuma. "Mtu haufichi udongo. Udongo uko nchi nzima. Huyu aliukalia, ameonwa."

"Kweli uliukalia?" shangazi akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini?"

Yule wa kofia alikuwa mbele yangu kabisa, na niliona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri kwa hamu, kama mgonjwa anayesubiri majibu. Nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

"Sema kwa nguvu!"

"Nilikuwa naogopa," nikasema, "mtu akiona udongo ataniambia nina mimba."

Lile kundi zima likapasuka kwa kicheko. Sijawahi kuchekwa vile, hata darasani. Watu waliegemea machepeo. Kuna aliyekaa chini.

"Mimba ya almasi hiyo!"

"Broka, leta ile tochi ya kupimia mawe, mpime!"

"Sasa baba wa mtoto si wewe, Ngosha, uliyepita na baiskeli?" Ngosha huku kwetu anaitwa mwanamume yeyote.

Shangazi alikuwa anaeleza kwa mikono miwili, kigango, Askofu, Yesu hana kanzu, na kila alipoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Mimi nilikuwa nimejishika kwenye mikanda ya begi. Machozi yalikuja lakini vumbi lilikuwa jingi, nadhani hawakuyatambua. Wengine wakaanza kurudi kwenye mashimo yao wakitukana kwa Kisukuma. Mwanamke mwenye chekeche akasema hii ni janja tu, wasomi wana janja, akaendelea kuchekecha.

Mtu mmoja hakucheka. Alivua kofia yake, akaipiga kwenye goti, akaivaa tena.

"Baiskeli yangu imeenda," akasema. Hakumwambia mtu yeyote.

Shangazi ndiye aliyenieleza pembeni. Yule bwana ndiye aliyeleta habari, kwa hiyo ndiye aliyeanza shimo la kwanza, pale pale nilipokuwa nimekaa. Aliuza baiskeli ili apate kamba na sururu na chakula cha vijana wawili wa kuchimba naye. Shimo lake ndilo lililokuwa refu kuliko yote.

Nilidhani sasa atafunga kazi. Badala yake niliona anashika kamba, anaanza kushuka tena.

"Ngosha, si umesikia?" shangazi akamwita. "Hamna kitu humo!"

Akasimama, mabega tu yanaonekana. "Nimesikia, mayu. Lakini tumeshashuka hivi, nitapandaje mikono mitupu? Huwezi kujua, udongo wake huo umekaa juu ya nini." Akazama.

Ningeondoka. Miguu ilikuwa inataka kuondoka. Lakini kanzu ilikuwa na mkono mmoja tu, na Askofu anakuja kesho yake. Nilizunguka nikitafuta mahali pa kuchimba. Hapakuwapo. Kila penye nyeupe yangu palikuwa pamepasuliwa, pamekanyagwa, pamechanganyika na changarawe, majivu ya majiko na mafuta ya shangazi mwenyewe. Udongo safi ulikuwa mahali pamoja, pembeni ya shimo la yule bwana, kwenye lundo la walichokitupa. Ulikuwa umetoka chini sana, mweupe kuliko wowote niliowahi kuuona, laini, hauna hata punje nyekundu. Mtu mwingine angeona kifusi.

Nilisimama mpaka shangazi akachoka kunitazama. "Nenda ukaombe! Huo mdomo unautunza wa nini?"

Nikaenda. Alikuwa amepanda kumwaga ndoo.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba udongo."

Akadhani hajasikia vizuri. "Nini?"

"Ule mliotupa. Kama hamuutaki."

Aliniangalia, akaliangalia lundo, na kitu kama kicheko kikamtoka puani. Nilijua anafikiria nini. Jasho lake lote la wiki nzima, na mimi niliyemfanya alitoe ndiye nimekuja kulichukua, na kwangu ndilo mali. Nilitamani anitukane. Ningepokea.

"Lete begi," akasema.

Nikatoa madaftari. Hakutumia beleshi. Alipiga magoti akawa anajaza kwa viganja, na kila alipokuta kijiwe alikitoa kwa vidole, anakigeuza juani kwanza, hata kile, halafu ndiyo anakitupa. "Ukiacha mawe yatakwaruza," akasema. Sikujua nani alimfundisha. Begi lilipojaa zipu ikakataa kufunga. Akanisaidia kulipandisha mgongoni.

"Asante, baba."

"Nenda, jua kali."

Nikapita katikati ya watu wote begi likiwa wazi, madaftari kifuani, udongo unamwagika kisogoni kila hatua. "Mzigo mzito huo, unajifungua lini?" mtu akaniuliza. Mwingine akanipigia vigelegele. Shangazi aliwajibu mimi nikiwa sijainua macho.

Jioni hiyo hiyo nikapaka. Udongo ule ukiwa mbichi unaonekana wa kijivu, unaweza kudhani umedanganywa, mpaka ukauke. Nilikaa sakafuni nikaungoja. Ulianza kwenye pindo, ukapanda, kidogo kidogo kanzu nzima ikawaka. Mama alikuja kunichukua akasimama mlangoni, akasema, "Ee." Basi. Kwa mama hilo ni neno kubwa. Nami nilichoona kwenye kanzu ile ni viganja vya yule bwana.

Kesho yake, baada ya Kipaimara, katekista alimleta Askofu kwenye chumba cha mafundisho na waumini wakajaa nyuma yao, na wasichana wawili wa darasani kwangu walikuwamo. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kabati la vitabu vya kwaya. Wakanitoa. Askofu alisogea ukutani, akaigusa kanzu kwa ncha ya kidole, akaangalia kidole.

"Haitoki," akasema. "Nyeupe nzuri hii. Umeinunua wapi?"

"Sikuinunua," nikasema. Niliwaona wale wasichana wakisogeleana. "Ni udongo. Nilipewa Maganzo. Umetoka kwenye shimo la mtu."

"Mtu gani huyo, tumwombee?"

Watu wakanitazama. Nilifungua mdomo, na hapo ndipo nilipogundua kuwa sikumuuliza jina.